Chupa moja, vikopo viwili: Mafuta yapi yanafaa kwa klachi ya pikipiki?

KATIKA usukani wa pikipiki nyingi kubwa za kisasa kuna vikopo viwili vidogo, kimoja kulia na kingine kushoto. Cha kulia ni cha breki ya mbele. Cha kushoto ni cha klachi. Vinafanana kwa umbo, kwa mfuniko na hata kwa skrubu zake, na kufanana huko ndiko kunakowaponza wamiliki wengi pamoja na mafundi wao.

Kwa fundi aliyejifunza kazi kwenye Toyota Hiace au Land Cruiser, jambo hili halina utata. Klachi ya magari hayo hujazwa mafuta yaleyale ya breki, na chupa moja iliyoko kwenye rafu ya gereji hutosha kwa kazi zote mbili. Akiletewa pikipiki ya Kijapani yenye klachi ya haidroliki, mazoea hayo humfikisha salama. Akiletewa BMW R1200GS au KTM 990 Adventure, mazoea yaleyale huua klachi, na mwenye chombo huja kugundua baada ya siku kadhaa, akiwa katikati ya foleni au, vibaya zaidi, akiwa mamia ya kilomita kutoka mjini.

Ni kweli kwamba idadi kubwa ya pikipiki zinazoonekana katika mitaa ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hazina tatizo hili. Pikipiki za bodaboda zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 hutumia klachi ya waya, na waya hauhitaji mafuta ya aina yoyote isipokuwa tone la kulainisha. Hata hivyo, pikipiki kubwa zimeongezeka mijini, nyingi zikiwa zimeletwa zikiwa zimekwishatumika, na pamoja nazo zipo zile za wasafiri wanaolikata bara la Afrika kutoka kaskazini hadi kusini. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipopita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania mwaka 2007 wakielekea Cape Town, walikuwa juu ya BMW R1200GS Adventure. Tangu hapo aina hiyo ya pikipiki imekuwa kama kitambulisho cha msafiri wa masafa marefu.

Aidha, hata mwenye bodaboda hana budi kusoma habari hii hadi mwisho iwapo pikipiki yake ina breki ya diski gurudumu la mbele. Kikopo kile kilichopo kulia hufuata kanuni zilezile, na kosa lake ni la hatari kuliko la klachi.

Ili kuelewa kwa nini mafuta yana umuhimu kiasi hiki, yafaa kwanza kuelewa kazi yake. Klachi ya haidroliki inategemea kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Blaise Pascal, katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa hupeleka mgandamizo sawa kila upande. Mwendeshaji anapobana wenzo wa klachi, pistoni ndogo ndani ya silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta, husukuma mafuta ndani ya paipu. Mafuta hayo husukuma pistoni kubwa zaidi katika silinda ya chini, iliyofungwa kwenye injini au giaboksi, nayo husukuma chuma chembamba kinachoachanisha sahani za klachi.

Tuseme eneo la pistoni ya chini ni mara nne ya ile ya juu. Nguvu ya vidole huongezeka mara nne, lakini mwendo hupungua kwa kiwango hichohicho. Pistoni ya juu ikisogea milimita 8, ya chini husogea milimita 2 tu. Hapo ndipo ilipo siri ya ugonjwa mwingi wa klachi za aina hii. Kiasi kidogo tu cha hewa kikiingia ndani ya paipu humeza sehemu ya zile milimita 2, kwa kuwa hewa hubanika ilhali mafuta hayabaniki. Sahani haziachani sawasawa, gia huingia kwa kelele, kupata gia huru huwa shida, na pikipiki hujivuta mbele hata wenzo ukiwa umebanwa hadi mwisho.

Hewa si lazima iingie kutoka nje. Inaweza kuzaliwa humo humo ndani, mafuta yanapochemka.

Mafuta ya breki yaliyozoeleka, yale yenye maandishi DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli. Kemikali hizo zina tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, nao unyevu hupenya polepole kupitia mfuniko na hata kuta za paipu za mpira. Viwango vyake vimewekwa na serikali ya Marekani katika kanuni ya usalama wa magari namba 116. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, na ikishanyonya unyevu isiwe chini ya 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180.

Tofauti kati ya tarakimu ya kwanza na ya pili ndiyo inayostahili kutazamwa na mkazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako hewa imejaa unyevu karibu mwaka mzima. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa na mfuniko uliolegea kwenye gereji ya pwani huzeeka haraka, ijapokuwa mafuta yake bado yanang'aa. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki imetembea kilomita chache. Unyevu huo huo hutafuna kuta za alumini za silinda, na silinda iliyotafunwa haiponi kwa raba mpya.

Klachi haipati moto wa kuogofya kama ule wa breki inayoteremka Kitonga. Lakini silinda yake ya chini imegandamana na injini, na pikipiki isiyosogea kwenye foleni ya adhuhuri haipati upepo wa kuipoza. Mwendeshaji anayeona wenzo wake unakuwa laini baada ya nusu saa ya foleni, kisha unarejea hali yake injini ikipoa, kwa kawaida anaonyeshwa kuwa mafuta yamechoka au kuna hewa ndani.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba jibu ni kununua yenye namba kubwa zaidi. Sivyo. Kinachoamua ni raba.

Ndani ya masta na ndani ya silinda ya chini kuna raba nyembamba zinazozuia mafuta yasivuje pembezoni mwa pistoni. Katika mifumo ya DOT, raba hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa mpira wa sanisi uitwao EPDM, ambao huishi vizuri ndani ya glaikoli kwa miaka mingi. Mpira huo una adui mmoja mkubwa: mafuta yoyote yatokanayo na petroli ghafi. Ukiguswa nayo huvimba, hulainika na kupoteza umbo.

Katika mifumo ya aina ya pili, mtengenezaji amechagua mafuta ya madini, yaani yale yanayosafishwa kutokana na petroli ghafi, na akaweka raba za aina nyingine zinazoyastahimili, mara nyingi za nitrili. Raba hizo nazo hazipatani na glaikoli. Hivyo mifumo hii miwili ni kama watu wawili wenye magonjwa tofauti: dawa ya mmoja ni sumu ya mwenziwe.

Kampuni ya Magura ya Ujerumani ndiyo iliyojulikana zaidi kwa klachi za mafuta ya madini. Klachi zake zilifungwa kwenye KTM 950 Adventure na 990 Adventure za Austria. BMW nayo iliweka mafuta ya madini kwenye klachi ya R1200GS iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, huku breki za pikipiki hiyohiyo zikibaki na DOT 4. Kinachochanganya zaidi ni kwamba R1150GS, iliyoitangulia katika ukoo huohuo, ilitumia DOT 4 kwenye klachi. Kwa hiyo fundi anayesema kwamba “BMW naijua” bado hajajibu swali. Jina la kampuni halitoshi, hata jina la ukoo wa pikipiki halitoshi. Inabidi kujua toleo.

Kwa upande wa pili, klachi za Brembo za Italia zilizofungwa kwenye pikipiki za Ducati hutumia DOT 4, na ndivyo ilivyo kwa pikipiki kubwa za Kijapani kama Honda Gold Wing na Yamaha FJR1300.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtengenezaji ajitaabishe kuweka mafuta ya aina mbili kwenye chombo kimoja. Sababu zipo. Mafuta ya madini hayanyonyi unyevu, hulainisha pistoni vizuri na hayababui rangi ya tangi yakimwagika, tofauti na glaikoli ambayo huondoa rangi kama dawa ya kuchunia rangi. Kasoro yake ni kwamba tone la maji likiingia halichanganyiki nayo, bali hutuama mahali pa chini kabisa na kuchemka kwa nyuzi 100. Kwenye breki kasoro hiyo ni nzito. Kwenye klachi, isiyopata moto wa kiwango kile, inavumilika.

Upo mtego mwingine, nao umo kwenye namba zenyewe. DOT 5 na DOT 5.1 zinasomeka kana kwamba ni ndugu, lakini hazina undugu wowote. DOT 5.1 ni glaikoli, na inaweza kuwekwa mahali pa DOT 4 bila madhara. DOT 5 ni silikoni, ina rangi ya zambarau, haichanganyiki na nyingine na huelekea kushikilia viputo vidogo vya hewa. Harley-Davidson ilitumia DOT 5 kwa miaka mingi kwenye breki zake kabla ya kuhamia DOT 4, na kwa hiyo mwenye Harley ya zamani hana budi kuangalia mfuniko kwa makini. Kwa wengine wote, chupa ya DOT 5 ibaki dukani. Aliyekipa chama hicho majina yanayofanana kiasi hiki hakuwafikiria wanunuzi.

DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika bila kudhuru raba, ila mchanganyiko huchemka mapema kuliko DOT 4 halisi. Palipoandikwa DOT 4, kushuka hadi DOT 3 kwa sababu ya bei ni kuokoa fedha kidogo kwenye kitu kinachobadilishwa mara moja kwa miaka 2.

Basi mwenye pikipiki atajuaje ni mafuta gani yaliyomo? Hatua ya kwanza ni kusoma mfuniko wa kikopo, kwa kuwa mara nyingi aina ya mafuta imechapwa hapo, pamoja na onyo la kutumia mafuta kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Hatua ya pili ni kitabu cha pikipiki, ambacho kwa matoleo mengi hupatikana pia kwenye intaneti. Lakini pikipiki iliyopita mikononi mwa watu watatu au wanne huenda imebadilishwa mfuniko, pengine hata masta nzima.

Rangi nayo haiaminiki. Mafuta ya madini ya Magura yana rangi ya bluu. Lakini kampuni ya ATE iliwahi kutengeneza DOT 4 ya bluu pia. DOT 4 ya kawaida huwa nyeupe au ya manjano ya asali ikiwa mpya, na ikishakaa kwenye klachi hugeuka kahawia au nyeusi, jambo ambalo hutokea kwa klachi mapema kuliko breki.

Kipimo cha uhakika zaidi hakigharimu kitu. Chukua matone machache kutoka kwenye kikopo kwa kutumia bomba safi la sindano, uyatie kwenye glasi ya maji, kisha ukoroge. Yakiyeyuka na kupotea majini, ni glaikoli: DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Yakielea juu kama mafuta ya kula kwenye mchuzi, si glaikoli, na chupa ya mafuta ya breki isisogezwe karibu. Glasi hiyo isirudishwe jikoni, kwani mafuta haya ni sumu.

Kosa likishafanyika, kinachofuata hutegemea kama wenzo umebanwa au la. Ikiwa mafuta yasiyofaa yamemiminwa kwenye kikopo na fundi akashtuka kabla ya kubana wenzo, bado yapo matumaini: mafuta yote yanyonywe, kikopo kifutwe mpaka kikauke, na mfumo usafishwe kwa kupitisha mafuta sahihi mapya kwa wingi. Ikiwa wenzo umekwishabanwa mara kadhaa na pikipiki imetembea, kumwaga na kujaza upya hakusaidii. Raba zimekwishanyonya. Masta na silinda ya chini hufunguliwa, raba zote hubadilishwa, na paipu ya mpira nayo huondolewa.

Dalili haziji siku hiyohiyo. Mara nyingi klachi huonekana nzima kabisa, mteja hulipa na kuondoka. Kisha raba inapovimba, pistoni ya juu haiwezi tena kurudi mwisho wa safari yake. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo sana ambacho hufunguka wenzo ukiachiwa, ili mafuta yaliyopanuka kwa joto yarudi kwenye kikopo. Pistoni isiporudi, kitundu hicho hubaki kimezibwa. Mafuta yanapopata joto la injini hukosa pa kwenda, husukuma silinda ya chini yenyewe, na klachi huanza kuteleza kana kwamba mtu ameshikilia wenzo nusu. Sahani huungua. Mwenye pikipiki huambiwa sahani zimekwisha, hununua nyingine, nazo huungua vilevile.

Kwenye breki jambo hilohilo hufanya gurudumu lijibane lenyewe. Klachi iliyokufa humwacha mtu kando ya barabara akiwa hai. Gurudumu la mbele linalojifunga kwenye mwendo wa kasi halina hakika hiyo. Hapo ndipo mwenye bodaboda anapohusika, maana adui wa raba za breki yake si mafuta ya Magura, ambayo pengine hatayaona kamwe, bali ni oili ya injini, grisi ya kawaida na petroli. Kuosha pistoni na raba za breki kwa petroli au dizeli ni mazoea ya gereji nyingi za mitaani, na ni kosa. Vifaa hivyo huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta ya breki mapya, basi.

Kubadilisha mafuta ya klachi si kazi ngumu. Usukani hugeuzwa mpaka kikopo kikae sawa, na tangi hufunikwa kitambaa kilichoroweshwa maji ili tone la DOT likidondoka lisile rangi. Mfuniko husafishwa kabla ya kufunguliwa. Mafuta machafu hunyonywa, mapya hujazwa, kisha paipu ndogo ya plastiki huunganishwa na nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini. Wenzo hubanwa, nati hufunguliwa kidogo, nati hufungwa, ndipo wenzo huachiwa. Atakayeachia wenzo kabla ya kufunga nati atakuwa amevuta hewa ndani, na ataanza upya. Kikopo kisiachwe kikauke kazi inapoendelea. Kwa klachi za Magura njia iliyo nyepesi ni kinyume chake: mafuta husukumwa kwa bomba la sindano kutoka chini kwenda juu, na viputo hufuata njia yake ya asili.

Jambo moja huwashangaza hata mafundi wa siku nyingi. Kwenye breki, kadiri pedi zinavyolika ndivyo mafuta yanavyoshuka kikoponi. Kwenye klachi nyingi za pikipiki ni kinyume: kadiri sahani zinavyolika, chuma cha kusukumia hurudi nyuma na mafuta hupanda. Kwa hiyo kikopo cha klachi hakijazwi mpaka juu. Kikijazwa hivyo sahani zikiwa mpya, zitakapolika mafuta yatakosa nafasi na klachi itaanza kuteleza. Na kikopo cha klachi kinachopungua hakisemi kwamba sahani zimelika, bali kwamba kuna mahali panapovuja. Kwenye BMW zenye klachi kavu, silinda ya chini ikivuja, mafuta yanaweza kufika kwenye sahani yenyewe, na hapo gharama huhama kutoka bei ya raba hadi bei ya kufungua giaboksi.

Msafiri anayeelekea Isiolo, Tabora au Songea akiwa na pikipiki ya mafuta ya madini hufanya vyema kubeba chupa yake ndogo kutoka nyumbani, kwa kuwa DOT 4 hupatikana karibu kila mji wenye duka la spea, lakini mafuta yale hayapatikani kirahisi. Wengine huandika kwa wino usiofutika juu ya mfuniko wa kushoto kwamba si mafuta ya breki, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kisha hubandika utepe wa rangi juu ya skrubu, ili fundi alazimike kuung'oa kabla ya kufungua.

Mabaki ya DOT yaliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa yasihifadhiwe kusubiri mwaka kesho kutwa. Chupa ndogo inayotosha mara moja ni bora kuliko kubwa ya bei nafuu, na yaliyotolewa kwenye klachi hayarudishwi humo hata yakionekana masafi.